Barua ya wazi kwa viongozi wa makanisa mkoani Kigoma: deni halilipwi kwa sadaka

Kwa waheshimiwa maaskofu, mapadre, wachungaji, wainjilisti, wazee wa kanisa na wenyeviti wa halmashauri za walei,
Mkoa wa Kigoma.

YAH: HAKI NA UPENDO NDANI YA NYUMBA YA MUNGU

Baba zetu na mama zetu katika imani,

Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe.

Barua hii inawafikia hadharani kwa sababu hatua za kuitangulia zimekwisha. Bwana aliziweka mwenyewe katika Mathayo 18:15-17: kumwendea ndugu mkiwa wawili peke yenu, kisha kurudi na mtu mmoja au wawili, kisha kuliambia kanisa. Ya kwanza ilifanyika, jibu likawa tuombe. Ya pili ilifanyika, jibu likawa tusilete mgawanyiko. Imebaki ya tatu. Hatutaji parokia, usharika wala jina la mtu, maana tunayoyasema hayapo kwenye dhehebu moja, na walioumizwa wana haki ya kuamua wenyewe kama majina yao yatajwe.

Neno letu ni moja. Katika makanisa yetu mwenye nguvu akikosa anapewa upendo, mnyonge akikosa anasomewa sheria. Mweka hazina akila fedha za ujenzi tunaambiwa tumsitiri. Mwanakwaya wa miaka kumi na tisa akipata mimba anasimamishwa Meza ya Bwana na jina lake linasomwa. Aliyemchelewesha mpishi mshahara miezi minne anaombewa. Mjane aliyechelewa michango ya jumuiya anaambiwa mazishi ya mwanawe yatangoja mpaka daftari likae sawa. Maandiko yanafundisha kinyume cha hayo, na mnajua hivyo kuliko sisi, kwa kuwa ninyi ndio mliotufundisha.

Mlitufundisha Mika 6:8, kwamba Bwana anataka "kutenda haki, na kupenda rehema, na kwenda kwa unyenyekevu na Mungu wako". Haki na rehema zimewekwa mkono mmoja, hakuna aliyepewa ruhusa ya kuchagua. Mlitufundisha Warumi 13:10: "Pendo halimfanyii jirani neno baya, basi pendo ndilo utimilifu wa sheria." Na aya mbili juu yake Paulo anasema tusiwiwe na mtu kitu. Kulipa deni kwanza, kupenda juu yake. Mlitufundisha pia Wimbo wa upendo katika 1 Wakorintho 13, unaosomwa kwenye kila harusi hapa mjini, na ndani yake mna maneno ambayo wasomaji huyapita mbiombio: upendo "haufurahii udhalimu, bali hufurahi pamoja na kweli".

Zakayo alipoguswa na Yesu hakuangua kilio akaishia hapo. Alitaja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na "ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne". Tazameni kwamba ni mafungu mawili. Nusu ile ni upendo, mara nne ile ni haki, wala hakusema kwamba sadaka kwa maskini imefuta kile alichowanyang'anya watu wengine. Torati ilikuwa imekwisha kuweka utaratibu. Hesabu 5:6-8 inamtaka aliyekosa aungame, arudishe chote, aongeze sehemu ya tano, na ampe yule aliyemkosea. Kikienda kwa kuhani, ni pale tu ambapo aliyekosewa hayupo wala hana jamaa wa kupokea. Hekalu halikuruhusiwa kupokea kwa niaba ya mtu aliye hai.

Kanisa la baadaye halikulegeza kamba hiyo. Augustino wa Hippo, mwanzoni mwa karne ya 5, alimwandikia Macedonius, mtawala aliyeuliza kwa nini maaskofu huwaombea wahalifu wapunguziwe adhabu. Augustino alitetea kazi hiyo ya huruma kwa nguvu zote. Lakini ndani ya barua hiyohiyo akaandika kwamba dhambi ya wizi haisamehewi mpaka kilichochukuliwa kirudishwe, kama mtu anao uwezo wa kurudisha. Askofu yuleyule alimwombea mkosaji asinyongwe, na akamdai mkosaji arudishe mali. Thomas wa Akwino katika karne ya 13 alifundisha kwamba kurudisha ni sharti la wokovu. Kwa Walutheri, Katekisimu Kubwa ya 1529 inasema kuiba si kuvunja sanduku la mtu tu, bali kujipatia faida kwa hasara ya jirani sokoni, dukani na kazini. Kitabu cha Sala cha Waanglikana cha 1662, katika maonyo ya kabla ya Ushirika, kinamtaka anayekuja mezani awe tayari kurudisha na kufidia kwa kadiri ya uwezo wake. Kwa Wakatoliki, Mtaguso wa Pili wa Vatikano mwaka 1965, katika hati yake ya utume wa walei, uliagiza kwamba madai ya haki yatimizwe kwanza, ili kitu ambacho mtu anadai kwa haki kisitolewe kana kwamba ni zawadi ya upendo.

Agizo hilo la 1965 ndilo mzizi wa barua hii. Baada yake tunataja mambo matano.

1. Mishahara na michango ya wafanyakazi wa kanisa

Tunaanza na mlinzi, kwa sababu yuko kwenye kila lango. Anaingia saa 12 jioni, anatoka saa 12 asubuhi, siku saba. Hizo ni saa 84 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zisizozidi 50 katika wiki nne, zikilipwa mara moja na nusu. Mlinzi wetu ana saa 39 za ziada kila wiki, 156 kwa wiki nne, zaidi ya mara tatu ya kikomo, na hazilipwi hata moja. Kazi ya kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Hiyo nayo haijulikani ilipo. Likizo ya siku 28 kwa mwaka anaisikia redioni.

Tunaambiwa huyu anajitolea. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huohuo wa 2004 imeweka vipimo vya kumtambua mwajiriwa, na kimoja kikitimia anachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitike vinginevyo: je, namna anavyofanya kazi inaelekezwa na mtu mwingine? Saa zake zinapangwa na mtu mwingine? Amefanya kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita? Anategemea kipato hicho? Anapewa vifaa? Mlinzi mwenye rungu la kanisa, koti la kanisa na ratiba iliyobandikwa ofisini anavitimiza vyote. Wapo wanaojitolea kweli: wanakwaya, wazee wa zamu, akina mama wanaofagia Jumamosi. Hao wanaweza kutokuja kesho na hakuna atakayewafukuza. Mlinzi hawezi.

Sasa NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake. Tuchukue mshahara wa shilingi 250,000 kwa ajili ya kuhesabia tu. Kila mwezi zinatakiwa kwenda 50,000, yaani 25,000 za mfanyakazi na 25,000 za mwajiri. Mwaka mzima ni 600,000. Miaka mitano ni 3,000,000, kabla ya nyongeza za ucheleweshaji. Makosa yako ya aina tatu na hayalingani uzito. Kuna taasisi ambayo haijamwandikisha mtu kabisa. Kuna inayomwandikisha na kuchangia miezi michache, halafu ikaacha. Na kuna inayokata ile 25,000 kwenye mshahara kila mwezi, ikaitumia kwa saruji na mabati. Hiyo ya tatu tunaomba iitwe kwa jina lake, kwa maana fedha ile haikuwahi kuwa ya kanisa hata kwa dakika moja. Namna ya kuijua ni rahisi: mfanyakazi aombe taarifa yake ya michango NSSF, ailinganishe na hati zake za mshahara mwezi kwa mwezi. Tatizo ni kwamba wengi hawapewi hati za mshahara. Wanapewa bahasha.

Halafu mzee yule anaishiwa nguvu. Macho yanafifia, kifua kinambana kwa baridi la usiku. Siku hiyo hutangazwa changizo, watu wa Mungu hutoa kwa moyo, hupatikana laki tatu au nne, anapigiwa makofi, anapewa na kitenge cha mkewe. Waliotoa siku ile wametenda upendo wa kweli, na Mungu awalipe. Lakini taasisi iliyoitisha changizo imetoa mkononi mwa wengine sehemu ndogo ya kile ilichokuwa inadaiwa yenyewe, na ikapokea shukrani juu yake. Nenda mwalo wa Kibirizi asubuhi baada ya usiku wa giza. Dagaa wakiuzwa hutolewa gharama za mafuta, kinachobaki hugawanywa kati ya mwenye chombo na mabaharia. Tajiri akila fungu la mabaharia, kisha siku ya sikukuu akawanunulia kilo mbili za sukari, hakuna atakayemwita mkarimu. Wavuvi wale hawakusoma teolojia, lakini sukari hawataikubali iwe malipo.

Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele. Walawi 19:13 inakataza mshahara wa kibarua kulala kwa mwajiri hata asubuhi. Sheria ya Kanisa Katoliki ya 1983, kanuni ya 1286, inawaagiza wasimamizi wa mali za Kanisa kufuata kikamilifu sheria za kazi za nchi na kulipa ujira wa haki unaomwezesha mtu kujikimu na watu wake. Hatuleti jambo geni.

Na moja zaidi ambalo huwaponza wengi. Mpishi wa shule au mwalimu wa chekechea akiachishwa kazi kimakosa, ana siku 30 tu za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Madai mengine, kama mshahara usiolipwa, ni siku 60. Anapoambiwa "subiri kwanza, baba yuko safari, tutalimaliza kindugu", siku zinakatika. Baadaye itabidi aombe kuongezewa muda kwa sababu nzito, na "nilimtii mchungaji" si sababu rahisi kuithibitisha. Tume ile yenyewe huanza kwa usuluhishi kabla ya uamuzi, kwa hiyo kumwacha mtu aende huko si kumtangazia kanisa vita.

2. Watoto na wanawake waliotendewa ukatili

Hapa hatutatumia lugha laini. Mtoto anapobakwa au kunajisiwa na mtu mwenye cheo kanisani, au na ndugu mwenye heshima mtaani, mpangilio wa mambo huwa uleule. Mzazi analeta habari kwa kiongozi wa jumuiya. Kiongozi anasema lisitoke nje mpaka wazee wakae. Wazee wanakaa Jumapili, maana katikati ya wiki kila mtu yuko shambani au ziwani. Mtuhumiwa analia, anapiga magoti. Baba wa binti anapewa fedha, wanapeana mikono, inafungwa kwa sala. Funika kombe mwanaharamu apite. Binti anapelekwa kwa shangazi Kibondo au Kasulu, na mtuhumiwa anabaki pale alipokuwa, karibu na watoto wengine.

Angalieni saa zilivyokwenda. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndio bora zaidi. Vidonge vya kuzuia mimba ya kubakwa havizidi siku 5. Ushahidi mwilini na kwenye nguo hupotea kwa kuoga na kufua. Tukio la Alhamisi jioni likingoja kikao cha Jumapili mchana, karibu saa zote 72 zimekwisha, na waliozimaliza ni watu waliokuwa wakisali.

Kinachotakiwa kufanyika kinajulikana. Mtoto asioge, nguo alizovaa zitunzwe bila kufuliwa, kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa sababu plastiki hushika unyevu na kuharibu ushahidi. Apelekwe hospitali na polisi siku hiyohiyo, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, na ichukuliwe fomu ya PF3, ile ya polisi ya matibabu. Mtu mmoja anayemwamini ndiye azungumze naye, naye asimhoji mara tatu nne mbele ya wazee, maana kila anaporudia anaumizwa upya na maelezo yake yanaanza kuyumba. Simu namba 116 ni ya kusaidia watoto na hailipiwi. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 95, inamfanya kila mwanajamii mwenye taarifa ya kuvunjwa kwa haki za mtoto awe na wajibu wa kuitoa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Hakuna kipengele kinachomtoa mchungaji. Na kesi ya jinai ni ya Jamhuri. Baba wa binti hana mamlaka ya kuiuza, wala kanisa halina mamlaka ya kuisimamia ikiuzwa.

Kwa baba zetu mapadre: siri ya kitubio hatuigusi. Lakini mzazi aliyekuja ofisini na mtoto amemshika mkono hakuja kuungama.

Msamaha nao una mwenyewe. Yule binti, akikua, siku moja anaweza kumsamehe aliyemtenda, kwa neema ya Mungu na kwa wakati wake. Hakuna kikao kinachoweza kusamehe kwa niaba yake, na akisamehe, bado aliyetenda atajibu mahakamani na bado hatapewa tena darasa la watoto. Kumwondoa mahali pa kuwafikia watoto ni upendo kwa watoto, na ni upendo kwake pia, ikiwa kweli tunataka asiongeze dhambi juu ya dhambi.

3. Hati za baraza la usuluhishi la ndoa

Hili halisemwi kabisa, na linawatesa wanawake wengi kimyakimya. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka, isipokuwa kwa hali chache ilizozitaja, shauri la talaka lisifike mahakamani kabla ya kupita kwenye baraza la usuluhishi, na baraza likishindwa kusuluhisha litoe hati inayosema hivyo. Makanisa kadhaa yana mabaraza ya namna hiyo. Mwanamke aliyevunjwa mkono anakwenda huko, anaambiwa akavumilie. Anarudi tena, anaambiwa afunge na kuomba. Hati haitolewi, kwa sababu kanisa linapinga talaka.

Tunaheshimu fundisho la ndoa, nasi tunaliamini. Lakini hati ile haivunji ndoa. Inasema tu kwamba baraza lilisikiliza na halikufanikiwa, jambo ambalo ni kweli. Kuizuia ni kumfungia mtu mlango wa mahakama kwa kukataa kuandika ukweli. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 66, inasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Hata sheria ya Kanisa Katoliki, inayokataa talaka, kanuni ya 1153, inamruhusu mwanandoa aliye hatarini kutengana na mwenzake. Anayemrudisha mwanamke kwenye nyumba yenye panga chini ya godoro, halafu akaita huo ni upendo wa Kikristo, amekwenda mbali kuliko kanisa lake mwenyewe.

4. Nidhamu yenye upendeleo

Fupi, kwa kuwa kila muumini analiona. Paulo alimwagiza Timotheo (1 Timotheo 5:19-21) mambo matatu kuhusu wazee: mashitaka yapokelewe kwa mashahidi wawili au watatu, wanaodumu kutenda dhambi wakemewe mbele ya wote, na lisifanyike neno lolote kwa upendeleo. Tumebaki na la kwanza tu, nalo kwa wakubwa peke yao. Binti mjamzito hakuulizwa mashahidi. Kijana aliyempa mimba, mara nyingi mwanakwaya mwenzake, hakuulizwa chochote.

5. Fedha na viwanja

Sadaka ihesabiwe na watu wasiopungua watatu wasio wa ukoo mmoja, iandikwe kabla haijatoka mezani, ipelekwe benki kesho yake, na taarifa isomwe kila robo mwaka ikionyesha mapato, matumizi, madeni ya kanisa na salio. Paulo hakubeba changizo la Yerusalemu peke yake. Alikwenda na wenzake waliochaguliwa na makanisa, ili asilaumiwe mtu (2 Wakorintho 8:18-21). Kiwanja au shamba likitolewa sadaka, ulizeni kwanza: ni la nani, mjane yupo, mirathi imefunguliwa, mwenzi wake ameridhia kwa maandishi? Kuna minara ya makanisa mkoani hapa inayosimama juu ya kilio cha wajane, na wanaopita hapo wanajua ni cha nani.

Tunajua mtakayotujibu, na mengine mmekwisha kutujibu.

Mtasema "upendano husitiri wingi wa dhambi". Ndiyo, ni 1 Petro 4:8. Lakini Petro anawaambia watu wasiweke kinyongo kwa makosa waliyokosewa wao wenyewe. Hawaambii wafunike yale aliyokosewa mtu wa tatu. Na endeleeni mpaka aya ya 17 ya sura hiyohiyo: hukumu huanza katika nyumba ya Mungu.

Mtasema "msiwaguse masihi wangu". Isomeni Zaburi 105 kuanzia aya ya 12. Masihi wale ni Ibrahimu na uzao wake walipokuwa wachache, wageni, wakihama taifa hata taifa, na Mungu akawakemea wafalme kwa ajili yao. Ni neno la kuwalinda wasio na kwao dhidi ya wenye mamlaka. Katika mkoa huu wenye kambi ya Nyarugusu, ambako wakimbizi wa Kongo wamekaa tangu 1996, hatukutarajia zaburi hiyo igeuzwe kuwa ngao ya wenye ofisi.

Mtasema Paulo amekataza kushitakiana mahakamani. 1 Wakorintho 6 inazungumzia madai ya mali kati ya ndugu, na Paulo anadai awepo mwenye hekima kanisani wa kuyaamua. Anayeinukuu sura hiyo aonyeshe kwanza baraza lake liko wapi, linaamua kwa siku ngapi, na uamuzi wake unatekelezwa na nani. Kisha asome aya ya 8, inayowakemea wanaodhulumu. Kuhusu jinai, Paulo huyohuyo anasema katika Warumi 13 kwamba mtawala ni mtumishi wa Mungu.

Mtasema kanisa ni maskini. Hilo tunalipokea, maana waumini wenu ndio sisi: wakulima wa mihogo na michikichi, wauza migebuka, watu ambao mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 walikaa miezi mitatu bila kipato walichokizoea. Hatudai yalipwe yote kwa siku moja. Lakini umaskini hauzuii kukiri deni kwa maandishi. Paulo akimwombea Onesimo, mtumwa aliyemtoroka Filemoni, hakumwambia Filemoni asahau. Alimwandikia kwa mkono wake mwenyewe kwamba kama kuna kitu anamdai, yeye Paulo atalipa. Na taasisi yenye fedha za mnara na spika mpya haiwezi kusema haina ya mpishi.

Mtasema tunalichafua kanisa mbele ya wenzetu Waislamu, hasa hapa Ujiji. Wenzetu hao ndio majirani wa yule mlinzi. Wanajua analipwa nini. Wengine ndio wanaomkopesha unga.

Mtasema mwisho kwamba kazi ya kanisa ni kuhubiri upendo, haki iachiwe serikali. Historia ya ziwa hili inakataa. Wamisionari wa Afrika walifika Ujiji Januari 1879, wakati bado watu walikuwa wakiuzwa hapa na kupelekwa Tabora mpaka pwani. Katika vituo vyao vya ziwani waliwakomboa watoto kwa kuwanunua. Ulikuwa upendo, ukawaokoa wengi. Lakini mwaka 1888 mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, alikwenda Paris, London na Brussels kudai biashara yenyewe ikomeshwe, kwa sababu kumnunua mtoto mmoja hakukumzuia mwuzaji kurudi na mwingine.

Tunachoomba, kwa heshima yote:

(a) Ndani ya siku 90, kila taasisi ya kanisa ifanye orodha ya wafanyakazi wake wote, tarehe waliyoanza, mshahara, na miezi ya NSSF isiyochangiwa. Kila mmoja apewe mkataba wa maandishi na nakala ya deni lake iliyotiwa saini. Taasisi iende NSSF yenyewe kuomba kulipa malimbikizo kwa awamu, isingoje kukaguliwa.

(b) Walinzi wawe wawili wa kupokezana, au saa zipunguzwe. Ikishindikana kabisa, lango lifungwe kwa kufuli usiku, kuliko kulindwa na mtu asiyelipwa.

(c) Ubandikwe mlangoni mwa kila kanisa utaratibu wa ukurasa mmoja kuhusu ukatili kwa watoto: hospitali, polisi, PF3, 116, na majina ya wanawake wawili na mwanamume mmoja wa kuanzia kwao. Mtuhumiwa akae kando ya huduma ya watoto tangu siku taarifa inapotolewa; kukaa kando si hukumu, na akionekana hana kosa atangazwe hivyo kwa sauti ileile. Kikao chochote cha wazee cha kusuluhisha kosa la namna hii kipigwe marufuku kwa waraka.

(d) Mabaraza ya ndoa yatoe hati pale usuluhishi uliposhindikana, na pasiwepo usuluhishi wa kuwakalisha pamoja mpigaji na mpigwa pale uhai ulipo hatarini.

(e) Mazishi yasizuiwe kwa sababu ya michango. Tunaomba hili lianze Jumapili hii, halihitaji bajeti.

Miongoni mwetu wapo wahasibu, maafisa kazi wastaafu, wauguzi na wanasheria. Watafanya kazi ya orodha na hesabu bila malipo, kwa kujitolea kwa maana yake halisi, na watakuja na kalamu zao. Tunaomba majibu yenu yasomwe ibadani, si kunong'onezwa kwa mmoja wetu. Na orodha ya madeni ikishakamilika, malipo yaanzie kwa wale waliozeekea kazini, kabla ya wale wenye sauti kubwa.

Wenu katika Kristo,

Waamini walei wa madhehebu mbalimbali,
Kigoma.